Bahari ikichafuka, straipa yuko wapi?

Swali: Shikamoo mjomba. Mimi ni mzaliwa wa Likoni, sasa nina miaka miwili Providence, Rhode Island. Nimejifunza kumvua straipa, yule samaki mwenye milia ambaye Wamarekani humwita striped bass, kwa fimbo kutoka ufukoni, lakini mpaka leo naambulia wadogo tu, tena jioni za shwari. Kwenye duka la vifaa vya uvuvi kila mzee ananiambia wakubwa huja na dhoruba za vuli. Basi Oktoba iliyopita, upepo wa kaskazini-mashariki ukiwa siku ya pili, nikaenda kwenye miamba ya Narragansett. Kila nikirusha, navuta mwani. Wimbi likanipiga magotini, nikaanguka, fimbo ikaenda na maji, nikarudi nyumbani nimelowa chepechepe. Je, ni kweli straipa anapenda dhoruba? Kama ni kweli, nisimame wapi, saa ngapi, na nirushe nini? Nina binamu New Jersey pia, ananiita nikavue kwake Novemba.

Jibu: Marahaba mpwa wangu. Kabla ya yote namshukuru Mungu kwamba kilichokwenda na maji ni fimbo. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale wimbi lilipokupiga magotini. Nitarudi hapo, na nitakuwa mkali kidogo. Kwanza nijibu ulichouliza.

Ndiyo, ni kweli. Wazee wa dukani hawakukudanganya. Nimevua pwani hii vuli kumi na tisa sasa, na straipa wakubwa niliowahi kuwashika, karibu wote, walitoka kwenye maji meupe ya povu, mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mvua ikinichapa usoni. Ila wazee walikupa nusu ya maneno. Sisi watu wa pwani tukiona mawimbi yamepanda tunasema bahari imechafuka, na neno hilo moja limebeba mambo mawili: mawimbi kuwa makubwa, na maji yenyewe kuwa machafu. Kwa mwenye ngalawa ni mamoja, maana yote mawili yanamrudisha nyumbani. Kwa mtu anayesimama ufukoni akimtaka straipa, hayo ni mambo mbalimbali kabisa. Mawimbi makubwa juu ya maji safi, hapo samaki yupo. Mawimbi makubwa juu ya maji yaliyogeuka uji wa mchanga na mwani, nenda kalale. Wewe ulikwenda siku ya pili ya upepo, mahali ambapo upepo ule unapiga uso kwa uso, ukakuta uji.

Sasa kwa nini anapenda povu? Mtazame alivyoumbwa. Mkia wake ni mpana, shina la mkia ni nene, mwili wote ni misuli. Jina lake la kitaalamu ni Morone saxatilis, na hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake mkaaji wa mawe. Anaweza kutulia kwenye maji yanayovurugika mahali ambapo dagaa anabingirishwa kama jani. Na wale anaowala, yaani menhaden wachanga, simu, mikizi wadogo na wale samaki wembamba wanaojizika mchangani, kinga yao ni kwenda kundi moja. Kundi likiwa limejipanga, adui hajui amkamate nani. Wimbi likivunjika juu yao mpango wote unasambaratika, mmoja kapinduliwa huku, mwingine katupwa kule, na straipa yuko chini ya povu anaokota. Povu na mawingu mazito hupunguza mwanga pia, kwa hiyo samaki ambaye siku za jua husubiri usiku ndipo asogee ufukoni, siku hiyo anakuja mchana, hadi hatua kumi kutoka miguuni mwako. Watakuambia habari za barometa, kile kipimo cha mgandamizo wa hewa, vilevile. Mimi naangalia upepo, mwanga na wimbi, kwa sababu hivyo naviona kwa macho yangu, na vimenitosha.

Halafu kuna safari. Straipa wa pwani hii wengi wao huzaliwa kwenye maji matamu ya mito inayoingia Ghuba ya Chesapeake, wengine Hudson na Delaware. Wakishataga majira ya kuchipua, wakubwa hupanda kaskazini hadi Massachusetts na Maine. Vuli ikifika wanageuka kusini, na bahari inaposhuka kwenye nyuzi 15 za Selsiasi au chini yake kidogo, wanakula kama watu wanaojaza tumbo kabla ya safari ndefu. Hapa kwetu Rhode Island siku nzuri ni kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Novemba. Kwa binamu yako zinaendelea mpaka Desemba. Septemba utaona mikizi wachanga wakipita ufukoni wakirukaruka juu ya maji, na utaukumbuka ule msemo wa nyumbani, hasira ya mkizi furaha ya mvuvi. Huku furaha ni ya straipa kwanza.

Haya, saa ngapi. Dhoruba ichukulie kama mnyama: ina kichwa, ina kiwiliwili, ina mkia. Kiwiliwili kiache kipite ukiwa nyumbani. Kichwa ni yale masaa ya kabla upepo haujashika kasi yake. Anga limefunga, mawimbi yanaanza kunyanyuka moja baada ya jingine, maji bado ni ya kijani, na ukitumbukiza mguu unauona unyayo wako. Samaki wanajua kitu kinakuja, au pengine ni mwanga tu uliopungua, lakini wanakula. Hapo unaweza kupata masaa matatu mazuri kuliko wiki nzima ya shwari.

Mkia ni pale upepo unapogeuka. Dhoruba za huku huzunguka kinyume cha saa na kwa kawaida huelekea kaskazini-mashariki zikipita karibu na pwani. Ndiyo maana upepo huanza kutoka mashariki au kaskazini-mashariki, kisha dhoruba ikisogea, unahamia kaskazini, halafu kaskazini-magharibi. Ikiwa ni baridi kali inayotoka bara, mpango ni mwingine kidogo: upepo wa kusini wenye joto na mvua kwanza, kisha ghafla kaskazini-magharibi, mkavu, wa kuuma masikio. Kwa vyovyote mwisho ni uleule. Kaskazini-magharibi hapa kwetu ni upepo wa kutoka nchi kavu. Hulaza mawimbi na kuyapa maji nafasi ya kutua. Nikiamka usiku nikasikia mti wa nyuma ya nyumba unagonga dirisha la upande ule, sirudi kitandani. Lakini usiwe na pupa: dhoruba ya siku moja maji hutua ndani ya masaa machache, ya siku tatu yanaweza kuchukua siku mbili nzima.

Kosa lako la pili lilikuwa mahali, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko yote. Upepo mmoja una maana tofauti kwa kila ufuko. Miamba ya Narragansett inatazama mashariki. Ila pwani ya kusini ya jimbo lako, kuanzia Point Judith kwenda Matunuck, Charlestown, Weekapaug mpaka Watch Hill, inatazama kusini. Siku ileile ulipokuwa unapigwa, kule Charlestown, mwendo wa nusu saa kwa gari, upepo uleule ulikuwa mgongoni mwa mvuvi. Mawimbi yalikuwapo, maana huzunguka rasi yakaingia, lakini maji yalikuwa na rangi ya kueleweka, na chambo chako kingeruka mbali kama kimesukumwa na mkono wa mtu. Upepo ukiwa wa kusini-mashariki mambo hugeuka, pwani ya kusini ndiyo inakuwa uji. Kwa hiyo kabla hujatoka, uliza upepo unatoka wapi, kisha uliza ufuko wako unatazama wapi. Nyumbani kaskazi hutoka upande huohuo wa kaskazini-mashariki na sisi huifurahia. Ya huku ni ndugu yake kwa jina la upande tu.

Kuna boya namba 44097 nje ya Block Island linalopima mawimbi, na takwimu zake ziko wazi mtandaoni, bure, zinabadilishwa mchana na usiku. Angalia namba mbili: urefu wa wimbi, na sekunde zinazopita kati ya wimbi na wimbi. Watu wengi huangalia ya kwanza tu. Wimbi la mita 1.5 linalokuja kila sekunde 6 ni fujo ya juujuu. Wimbi hilohilo likija kila sekunde 12 limetoka mbali, lina uzito chini yake, na likifika kwenye mwamba hupanda mahali usipotegemea. Na nguvu ya wimbi haipandi sawa na urefu wake: likiwa refu mara mbili, nguvu ni mara nne. Mimi kwenye mchanga napenda kati ya mita 1 na karibu 2. Kwenye miamba, boya likisoma mita 2 na sekunde zikipita 10, sipandi. Hiyo ni mizani yangu, nawe kwa sasa weka ya chini zaidi.

Ningekuwa mimi ni wewe, mwaka huu ningeachana na miamba kabisa nikajifunza milango ya mabwawa ya chumvi. Nyuma ya fuko za pwani ya kusini kuna mabwawa makubwa, Ninigret, Quonochontaug, Winnapaug, na kila moja lina mlango mwembamba wa kutokea baharini, umejengewa kuta za mawe pande mbili. Upepo wa kusini husukuma bahari iingie bwawani, na mvua ya dhoruba huongeza juu yake. Upepo ukishageuka, yote hayo yanataka kutoka kwa mlango mmoja. Wewe umezoea bamvua la Mombasa linalopita mita 3. Hapa tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 1, utaiona ndogo, lakini simama pale mlangoni maji yakitoka baada ya mvua, utadhani ni mto. Samaki wadogo waliokulia bwawani kiangazi chote wanatolewa nje kama abiria wa feri, na straipa wamepanga foleni pale maji ya bwawa yanapokutana na wimbi. Usitegemee jedwali la maji ya bahari peke yake. Bwawa huchelewa. Bahari huanza kupwa, na mlangoni maji yanaendelea kuingia kwa saa moja na zaidi kabla hayajageuka, na dhoruba huchelewesha zaidi. Nenda mapema, tupa kipande cha mwani, tazama kinaelekea wapi.

Nikusimulie usiku mmoja ili ulione jambo lenyewe. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, upepo umegeuka kaskazini-magharibi tangu jua kuzama, mwezi unachungulia kati ya mawingu. Nilifika mlangoni maji yakiwa ndiyo yanaanza kutoka. Maji ya bwawa yalikuwa na rangi ya chai ya rangi, kwa ule mvujo wa majani na matope ya mvua. Ya bahari yalikuwa ya kijani kizito. Kati yao palikuwa na mstari wa povu, umenyooka kama mshono wa kanga mbili. Nilirusha mara kumi na tano hivi upande wa kijani nikapata bure. Kisha nikasogea hatua saba juu, nikarusha ndani ya chai, nikaacha mkondo ubebe. Nilikuwa na kichwa cha risasi cha aunsi 2 chenye manyoya meupe ya mkia wa paa, ambacho wavuvi wa huku wanakiita bakteili. Nikaisikia inagusa kokoto, tok, kisha kimya, kisha tok tena. Ilipofika kwenye mshono ikaanza kuinuka yenyewe, kama mashua inayovutwa na kamba ya nanga. Hapo ndipo alipopiga. Pigo la straipa kwenye mkondo halifanani na kudonoa. Ni kama mtu ameushika mshipi kwa mkono akakataa kuuachia. Alikwenda na maji, nikamfuata kwa miguu hadi mwisho wa ukuta nikakomea hapo, kisha nikamsubiri achoke ndani ya maji tulivu ya pembeni. Alipolala ubavu nikahesabu milia yake kwa mwanga mwekundu wa taa ya kichwani, saba, mieusi, miwili imekatika katikati. Alikuwa mrefu kuliko sheria inavyoruhusu. Nilimshika mdomo wa chini, nikamweka kichwa kikielekea mkondo mpaka aliponipiga maji ya uso na kuondoka.

Ufundi wa pale ni huo: rusha upande wa juu wa mkondo, acha chambo kizame kwa hesabu ya tatu au nne, kisha mkondo ukibebe kwa upinde huku wewe unakusanya ulegevu wa mshipi tu. Usivute. Wageni wote huvuta. Mwisho wa upinde, chambo kinapoanza kupanda, shikilia fimbo vizuri. Kama husikii chini kabisa, ongeza uzito. Kama unakwama kila mara, punguza. Beba bakteili za aunsi 1 hadi 3, yaani gramu 28 hadi 85, nyingi zaidi nyeupe. Ongeza chambo cha chuma kizito kwa siku upepo unapokuwa usoni, maana ndicho kinachoweza kuupasua, na kipande kimoja au viwili vya mbao au plastiki vilivyochongwa vyembamba kama samaki wa mchangani, kwa ajili ya usiku ufukoni. Fimbo ya futi 10 inatosha. Mshipi wa kusuka wa paundi 30 au 40, na mwishoni nailoni nene ya paundi 50, urefu wa dhiraa mbili, kwa sababu ya mawe. Lowesha fundo kwa mate kabla hujalikaza. Nimepoteza samaki wa maana kwa fundo lililokazwa kavu.

Na mwani. Baada ya dhoruba kutakuwa na mwani, ukubaliane na hilo. Mrusho wa kwanza ni wa kuuliza. Ukirudi na uzi mmoja wa mwani, endelea. Ukirudi na ndevu, sogea hatua mia mbili, ujaribu tena, kwa sababu mwani hujikusanya mahali mkondo unapouacha na mahali pengine karibu tu panaweza kuwa safi. Ukipata ndevu mara tatu mahali patatu, hakuna straipa atakayegusa chambo kilichovaa mwani, hata awe na njaa vipi. Badilisha ufuko. Kwenye mchanga mtupu tazama wimbi linavunjika wapi. Linapovunjika kuna fungu. Linapolala tena kati ya fungu na ufuko kuna mfereji. Na mahali fungu lilipokatika, maji yanarudi baharini kwa kasi. Straipa yuko mferejini na kwenye hilo pengo. Wengi hurusha mbali kupita kichwa chake, kisha wanaingia maji ya kiuno, wanasimama palepale alipokuwa. Mrusho wa kwanza uufanye ukiwa bado nchi kavu.

Sasa lile la magotini. Mpwa wangu, miamba ya Narragansett na Newport imechukua watu waliozaliwa hapo, wanaoijua kwa majina. Mawimbi huja kwa makundi. Unaweza kusimama robo saa ukayaona ni ya kawaida, kisha yakaja matatu makubwa yaliyofuatana, na la kwanza ndilo linalokuangusha, la pili linakutoa, la tatu halikuachii. Kabla ya kupanda mwamba wowote simama nyuma dakika 20 kwa saa, utazame. Mwamba uliolowa juu yako ni mwamba unaofikiwa na wimbi, hata kama hujaliona. Usiipe bahari mgongo, hata kubadilisha chambo. Maji ya Novemba ni ya nyuzi 12 hivi. Mtu wa Likoni anayejua kuogelea tangu utotoni anadhani atajitoa, lakini kwa baridi ile vidole vinakataa kushika jiwe ndani ya dakika chache. Buti zenye misumari ya chuma ni lazima. Jaketi la kujiokolea, lile jembamba linalojazwa hewa, ni lazima. Ukivaa suruali ya mpira inayofika kifuani, funga mkanda kiunoni kwa nguvu, maji yasiingie miguuni. Na uwe na mwenzako. Fimbo ikienda, iage. Mimi nilishawahi kuifuata yangu hatua tatu, na mpaka leo nikipita mahali pale naangalia pembeni.

Kwa binamu yako mambo ni mengine. Pwani ya New Jersey ni mchanga mrefu unaotazama mashariki, kwa hiyo upepo wa kaskazini-mashariki ambao Charlestown ungekuwa mgongoni mwako, kule unakuja usoni. Lakini una zawadi yake. Chini ya mchanga wa pale kuna chaza wakubwa wa baharini, na dhoruba huwafukua, kuwavunja na kuwatupa ufukoni. Straipa hulijua hilo. Upepo ukipungua wanakuja mferejini kuwala, na hapo chambo bandia huwekwa pembeni. Nunua chaza wabichi dukani, weka nyama yao kwenye ndoana ya duara, chubwi la aunsi 4 hadi 6 linaloteleza juu ya mshipi, tupa mferejini, kaa. Ndoana ya duara si hiari: ukitumia chambo cha nyama kwa straipa, sheria za pwani yote zinaitaka, kwa sababu hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Na usimstue kwa kuvuta fimbo ghafla kama ulivyofundishwa kwa mshipi wa mkono. Acha mshipi ukaze wenyewe, kisha uanze kuzungusha.

Binamu yako bila shaka atakusimulia habari za Albert McReynolds. Tarehe 21 Septemba 1982, usiku wa dhoruba, akiwa kwenye ukuta wa mawe wa Atlantic City, alimtoa straipa wa paundi 78 na aunsi 8, karibu kilo 36, kwa chambo kidogo cha plastiki. Rekodi hiyo ya dunia ilikaa mpaka Agosti 2011, Greg Myerson alipompata wa paundi 81.88 kwenye maji ya Connecticut, akiwa ndani ya boti. Ni habari ya kweli, nami naipenda, lakini kila vuli kuna kijana anayeibeba kichwani na kusimama mwisho wa ukuta wa mawe katikati ya tufani. Wewe usiwe huyo.

La mwisho ni samaki mwenyewe. Straipa hawa waliwahi kukaribia kwisha. Jimbo la Maryland lilifunga kabisa uvuvi wao kuanzia 1985 hadi 1990, na 1995 ndipo ilipotangazwa kwamba wamerudi. Sasa wamepungua tena, na tangu 2019 watoto wanaozaliwa Chesapeake ni wachache mwaka baada ya mwaka. Ndiyo maana tangu 2023 sheria ya bahari imebana: samaki mmoja kwa siku, asipungue inchi 28 na asifike 31, yaani kati ya sentimita 71 na 79 hivi. Soma tangazo la idara ya mazingira ya jimbo kila mwaka kabla ya kutoka, maana hubadilika, na uwe na leseni yako ya maji chumvi. Wengi utakaowapata itabidi uwarudishe, na wataalamu hukadiria kwamba asilimia 9 ya wanaorudishwa hufa. Unaweza kufanya wako wasiwe katika hao. Bana kwa koleo kile kijino cha ndoana kinachozuia samaki asichomoke, kabla hujatoka nyumbani. Usimburute mchangani, usimning'inize kwa mdomo upige picha, usitie vidole kwenye mashavu yake. Mkono uwe umelowa. Dhoruba yenyewe itakusaidia, maji baridi yenye povu yana hewa ya kutosha, anapona haraka kuliko yule wa Julai.

Ukimpata wa kipimo, mchukue kwa moyo mweupe. Nyama yake ni nyeupe, imeshikana, haipasuki juu ya makaa. Kwa samaki wa kupaka sijaona bora pwani hii, tui likimwingia vizuri kwenye mikato. Ila kama nyumbani kuna mjamzito au watoto wadogo, wapikie samaki mwingine. Straipa hubeba zebaki na kemikali za mito alikopita, na idara ya afya ya Rhode Island huwashauri watu hao wasimle.

Kwa hiyo Oktoba hii fanya hivi. Subiri mvua ya siku moja yenye upepo wa kusini. Upepo ukigeuka kaskazini-magharibi, angalia boya, mwite mwenzako, mwende Charlestown au Quonochontaug mfike bahari inapojaa, mtazame mpaka maji yaanze kutoka. Utafute mshono. Ukirudi niandikie upepo ulitoka wapi, maji ya bwawa yalikuwa na rangi gani, na samaki alipiga umbali gani kutoka miguuni mwako.